Kinyozi Aliyesalimia Viatu

Mzee Inamisha hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu tangu alipofungua kibanda chake cha kunyoa, akiwa kijana mwenye shingo ndefu na maneno mengi, neno lililomtoka kuliko yote lilikuwa hilo. Anakukalisha kitini, anakufunga shuka shingoni, anakugusa kisogo kwa kidole. "Inamisha, bwana. Mimi si ndege wa kuruka juu yako." Unainamisha. Na yeye anainama kukushinda wewe, pua karibu iguse nywele, maana alikuwa na wazimu mmoja: hakubali mstari wa nyuma upinde hata kidogo. Ukimwambia imetosha, anakutazama kama umemtukania ukoo.

Kwa hiyo visogo vya mtaa mzima alikuwa navyo kichwani. Mtu anaingia, anakaa, kinyozi hata uso hajautazama, tayari amekwisha kumtambua. "Karibu, fundi bomba. Hiki kivimbe bado unacho? Na kaka yako anacho hiki hiki, upande huu huu." Watu walipenda sana mambo hayo. Walikuja kunyolewa hata wale ambao nywele zilishawaaga zamani, wakae tu, wasikie habari, wachekwe kidogo na wacheke wenzao.

Sasa mtu akiinama maisha yake yote, mgongo nao unajifunza. Kwanza ilikwenda shingo, ikachomoza mbele. Mabega yakaona yameachwa nyuma, yakaifuata. Halafu sehemu ya juu ya mgongo ikajikunja taratibu, bila fujo, bila maumivu ya kulalamikia, ndiyo maana mwenyewe hakujali. Akiulizwa alisema ni chumvi nyingi aliyokula, akimaanisha umri, kisha akaendelea kunyoa. Ndani ya kibanda wala hakuwa na shida. Kichwa cha mteja kiko chini, macho yake yako chini, kila anachokihitaji duniani kiko hapo kwenye kiti. Shida ilikuwa nje.

Nje, kichwa chake kilikuwa kimetangulia na miguu ikawa inakifukuzia. Hatua zilifupika, nyayo zikawa zinaburuta, na akitaka kusimama ilibidi apige vihatua vingine vya ziada kama gari lenye breki mbovu. Akiitwa nyuma, hakuweza kugeuza shingo. Aligeuka yeye mzima, polepole, na mpaka amalize kugeuka aliyemwita ameshaondoka. Na alichokiona njiani kilikuwa udongo wa mbele yake kidogo, matairi ya baiskeli, pindo za magauni, kuku, na viatu. Viatu vya kila namna. Uso wa mtu ulikuwa umehamia juu ambako macho yake hayakufika tena, labda yeye mwenyewe akae chini au akajilaze.

Na mtaa ule, nakwambia, kumpita mtu bila salamu ni kesi. Haukuchukua muda watu wakaanza kunong'ona. Kibandani kwake anakuchekea mpaka jino la mwisho, barabarani anakupita kama nguzo ya umeme. Amevimba kichwa. Amepata nini, siku hizi? Mteja mmoja asiyejua kuficha alimpasha habari hizo huku ananyolewa ndevu, na Mzee Inamisha alisimamisha wembe hewani. Ilimuuma. Kati ya mambo yote ambayo mtu angeweza kusema juu yake, hilo la majivuno hakulitegemea. Na kusema ukweli kwamba haoni, akaona hapana. Kinyozi asiyeona nani atampa shingo yake?

Akatafuta dawa yake mwenyewe. Akaamua kwamba kila jozi ya viatu itakayompita ataiamkia, kubwa kwa ndogo, na liwalo na liwe. Kesho yake akaanza. "Shikamoo," viatu vyeusi. "Shikamoo," kandambili. "Shikamoo," mabuti makubwa ya mvua. Mabuti yakasimama. Ndani ya mabuti yale, ambayo yalikuwa ya baba yake, alikuwemo msichana wa shule aliyekuwa anarudia somo lake kimoyomoyo, na kabla akili haijamrudi mdomo ukawa umeshajibu, "Marahaba, hujambo?" Kisha akatambua anaongea na nani, akashika mdomo, akakimbia. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mzee Inamisha ameamkia mtoto na mtoto ameitikia. Watu walivunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka alipoletewa habari, mpaka machozi.

Lakini siku iliyofuata aliamkia viatu vya ngozi vilivyosimama wima nje ya duka la nguo, na vile viatu havikujibu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Akaondoka amenuna, akisema moyoni kwamba sasa ameona, kumbe wanaoringa wapo. Mwenye duka ndiye aliyemfuata kumwambia kwamba ile ni sanamu ya kuonyeshea suruali. Baada ya hapo Mzee Inamisha aliacha kabisa kusalimia viatu.

Yote hayo angeyabeba, mtu mcheshi hafi kwa kuchekwa. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa Randa.

Randa alikuwa seremala, karakana yake ng'ambo ya barabara, na jina alipewa kwa sababu ya ile zana yake ya kulainishia mbao ambayo hata akienda chooni aliisahau mkononi. Hao wawili walianza urafiki wakiwa makapera, wakaoa mwaka mmoja, wakazikiana ndugu, na mke wa Randa alipofariki ni Mzee Inamisha aliyekaa naye mpaka akaweza kula. Kila jioni, kazi ikiisha, walicheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye ubao aliouchonga Randa mwenyewe. Na kila jioni waligombana. Hiyo ndiyo ilikuwa ladha yake.

Jioni moja Randa alisema mwenzake amesogeza vizibo viwili kwa mpigo. Mwenzake akasema hajasogeza. Randa akamwita mwizi, naye akamwita Randa kipofu wa mchana, wakaachana hivyo, jambo la kawaida kabisa, ambalo siku zote lilikwisha kesho yake asubuhi kwa salamu. Ila safari hii, siku hiyo hiyo, Randa alikuwa amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule. Akahitaji nafasi. Usiku huo huo akalitoa benchi lake la kazi nje, akaliweka juu ya baraza, akaliinua kwa miguu mirefu, akajitengenezea na kiti kirefu cha kukalia. Kizingiti cha mlango, ambacho miaka yote alikuwa anakikalia asubuhi akinywa chai, akakijaza mbao.

Mzee Inamisha asubuhi akapita mbele ya karakana, anayeanza salamu ni anayepita, na yeye alikuwa tayari. Akatupa jicho kizingitini, mahali pa rafiki yake. Mbao tupu. Akafikiri: amejificha ndani ili asinione. Akapita. Na Randa alikuwa hapo hapo juu yake, kwenye kiti kirefu, penseli sikioni, kikombe mkononi, akimtazama mwenzake anavyougeukia mlango wake, anavyouangalia vizuri, kisha anavyokwenda zake. Alikohoa. Mzee Inamisha akasikia mtu anakohoa, akadhani ni vumbi la mbao linamsumbua mpita njia.

Ikawa hivyo kesho, na kesho kutwa, na siku zikaungana. Randa akasema, sawa, kama ameamua kunipa kisogo, mimi sitamwomba. Mzee Inamisha akasema, kumbe aliponiita mwizi hakuwa anatania. Wazee wawili wazima, barabara moja katikati, kila mmoja amevimba mashavu upande wake. Tusizunguke: Mzee Inamisha alimkumbuka mno. Alirudi nyumbani mapema akakaa sebuleni, akiwasha redio na kuizima. Mkewe alipomuuliza drafti imekuwaje, alisema Randa ana kazi nyingi.

Jioni moja uvumilivu ukamwishia. Akafunga kibanda, akaapa kwamba leo anavuka, anapiga hodi, hata kama ni kutukanwa atukanwe uso kwa uso. Akashuka barabarani. Kwa mwendo ule wa kufukuzia kichwa, alipokwisha kuanza kuvuka ilikuwa vigumu kupunguza kasi, na hakuona kwamba muuza magodoro ameegesha mkokoteni wake mbele ya karakana, umejaa magodoro mpaka juu. Aliliingia rundo kwa kichwa. Godoro la juu likashuka, la pili likafuata, na Mzee Inamisha akatoweka. Muuza magodoro alimfukua huku anaomba radhi kwa Mungu na kwa wanadamu wote. Mzee alikuwa mzima, isipokuwa goti lililochubuka.

"Bora ulikuwa na magodoro," alimwambia yule bwana, akijipangusa. "Ungekuwa unauza matofali ningekuwa marehemu."

Randa hakuwepo. Alikuwa amekwenda kupeleka madawati shuleni. Muuza magodoro akamshika mzee mkono mpaka nyumbani na kumkabidhi kwa mkewe, na mkewe aliangalia goti, akaangalia shingo, akasema neno moja tu. "Hospitali."

"Mama, ni mchubuko."

"Sikukuuliza."

Hospitalini walipokelewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Wagonjwa wake walimwita Kidevu, na haikuchukua muda mzee na mkewe wakajua kwa nini. Alimsimamisha Mzee Inamisha ukutani, visigino vikigusa ukuta, makalio yakigusa, mabega yakijitahidi. Kichwa kilikuwa mbali huko mbele. Kidevu akapitisha mkono wake mzima katikati ya kisogo na ukuta, akautikisa.

"Mzee, hapa pana chumba cha kupangisha," alisema.

Mkewe alijikaza asicheke, akashindwa.

Kidevu alimtembeza kwenye korido, akamwambia ageuke, asimame, ainuke kitini bila kujishika. Kisha akaketi mbele yake, chini kidogo, ili macho yao yakutane, akamweleza pole pole. Kichwa ni kizito, alisema. Kikikaa juu ya mabega, mifupa inakibeba na wewe husikii kitu. Kikitoka mbele, misuli ya shingo na mgongo ndiyo inayokishikilia kutwa nzima, inachoka, inalegea, na mgongo unazidi kujikunja. Uzito wote wa mwili unahamia mbele. Miguu inaogopa kuanguka, kwa hiyo inafupisha hatua na kuburuta. Macho nayo yanabaki chini, hayakuambii kilichoko mbele mpaka umekifikia.

"Wewe hutembei, mzee wangu. Unajizuia kuanguka, mpaka unafika."

Hakuna aliyewahi kumweleza Mzee Inamisha mwendo wake sawasawa hivyo.

"Sehemu ya huu mkunjo imeshakuwa ya mifupa," Kidevu akaendelea, "hiyo haitaondoka, sikudanganyi. Sehemu nyingine ni misuli dhaifu na mazoea. Hiyo ni yetu, tutaichukua. Hutakuwa askari wa gwaride. Ila magodoro ya watu utayaacha salama. Sasa, kazi yako ni ipi?"

"Kinyozi."

"Nionyeshe unavyonyoa."

Akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, akamgusa kisogo, akainama. Kidevu akakunja mikono kifuani.

"Wewe unanyoa watu au unawanusa?"

Kwa hiyo mambo yakapangwa. Kidevu ndani, yaani kukivuta kidevu nyuma bila kuinua uso, mara nyingi kwa siku, hata akiwa anasubiri maji yachemke. Kuyabana mabega nyuma. Kulala chali kila jioni na taulo lililokunjwa chini ya mgongo. Kuinuka kitini bila kushika kitu, ili mapaja yapate nguvu. Fimbo ndefu ya kuishika juu, usawa wa kifua, maana fupi ingemvuta chini zaidi. Kutembea akitafuta alama ya kutazama, si karibu na vidole vya miguu, mbele kule. Na kiti cha wateja kiinuliwe, kiwekewe kisanduku imara chini yake, kichwa cha mteja kimfuate kinyozi badala ya kinyozi kukifuata kichwa.

"Maisha yangu yote nawaambia watu wainamishe," Mzee Inamisha alilalamika, "leo naambiwa niinue. Hii ni kulipiziwa."

"Una swali lolote?"

Alikuwa nalo. Alizungusha kofia mikononi, akamtazama mkewe, akaitazama sakafu.

"Nitaweza kuona uso wa mtu barabarani?"

Mkewe aligeuka. "Kwani huoni?"

Hapo ndipo yote yalipomtoka. Viatu, mabuti, sanamu ya suruali. Jinsi watu walivyosema amevimba kichwa na jinsi alivyoogopa kukosa wateja. Na Randa, ambaye hajamwona wala kuongea naye tangu ule ugomvi wa vizibo, na ambaye alikuwa anamwendea siku ile ya magodoro. Mkewe alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki, miaka yote hiyo ya ndoa halafu mtu anakuficha kwamba dunia yake imeishia magotini. Kisha akakumbuka sanamu, kicheko kikamponyoka, na Kidevu naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote watatu mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kesho yake mkewe, bila kuaga, alikwenda moja kwa moja kwenye karakana. Haya Mzee Inamisha alikuja kusimuliwa baadaye, tena mara nyingi, na kila mara yakiongezewa chumvi.

"Nataka kisanduku cha kuinulia kiti cha kinyozi," mama alisema.

Randa hakushuka kitini. "Mwenyewe amekatazwa kuja?"

"Alikuja, shemeji. Aliishia kwenye magodoro."

"Mimi nimekaa hapa kila asubuhi, shemeji yangu. Kila asubuhi. Anaangalia mlango wangu, ananipita. Leo ndiyo ananihitaji?"

"Anaangalia mlango kwa sababu anakutafuta mlangoni. Hapo ulipo hakuoni. Shingo yake haiinuki tena. Mtu akisimama anamwona magoti, akikaa juu hivyo hamwoni kabisa."

Randa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona anafanywa mtoto. Mtu anayepanga mstari wa nywele kwa wembe, asimwone yeye, na mwili wote huu? Mama hakubishana. Alimwambia kipimo cha kisanduku, akaenda zake.

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Randa alitua kikombe, akashuka, akaenda mpaka mwanzo wa baraza. Akaangalia huku na huku kama kuna mtu. Akaisukuma shingo mbele, akaizamisha, akayakunja mabega, akaanza kutembea mbele ya karakana yake mwenyewe kwa vile vihatua alivyokuwa anavichungulia kila asubuhi kwa hasira. Aliona udongo. Aliona maranda ya mbao, mguu wa benchi, mguu mwingine wa benchi, na mbao zilizojaa kizingitini. Akajaribu kuinua macho tu bila kuinua shingo, yakamuuma, na bado hakufika hata nusu ya kiti chake. Akafika mwisho wa baraza akasimama hapo hapo, amejikunja, mteja wake mmoja akamkuta na kumuuliza kama ameshikwa na mgongo.

"Nimeshikwa na ujinga," Randa alisema.

Asubuhi iliyofuata Mzee Inamisha alitoka na fimbo yake ndefu, kidevu ndani. Mkewe alikuwa amemwambia tu kwamba kisanduku kimeagizwa. Mengine alikataa katakata kuyasema. Alitembea akitafuta alama za mbele kama alivyofundishwa, akizipata na kuzipoteza. Alipokaribia karakana alijiambia safari hii hataangalia kizingiti, atasimama na kuita kwa nguvu, aonekane mwendawazimu basi.

Hakuhitaji kuita. Kando ya barabara, chini kabisa, pale pale macho yake yalipoishia, kulikuwa na uso. Uso wenye penseli sikioni. Randa alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, isipokuwa kiti hakikuwa kirefu tena. Kilikuwa kimekatwa miguu yote minne karibu na shina, na seremala mzima, mtu wa mwili, alikuwa amekikalia magoti yakimfikia masikioni, kikombe cha chai kikiwa kwenye vumbi pembeni yake.

Mzee Inamisha alisimama. Hata vile vihatua vya ziada havikuja, alisimama tu.

"Anayepita ndiye anayesalimia," Randa alisema. "Au siku hizi mmebadilisha?"

"Habari za asubuhi, fundi."

"Mbaya. Kiti changu kipya nimekikata."

Mzee Inamisha alitaka kujibu neno la kuchekesha, machozi yakamtoka, na kwa sababu uso wake ulikuwa umeinama yalidondoka moja kwa moja chini bila kupita mashavuni. Randa aliyaona yanavyotua. Akajifanya anatafuta kitu mfukoni mpaka mwenzake amalize.

"Vile vizibo uliiba," alisema baadaye.

"Sikuiba."

"Uliiba."

"Fundi, sikuiba."

Walibishana hapo mpaka chai ikapoa na mteja wa kwanza wa kinyozi akaja kumtafuta barabarani.

Basi ungedhani mambo yameisha vizuri. Kidevu aliposikia habari ya kile kiti, alikuja juu. Randa mwenyewe alikuwa amemsindikiza rafiki yake hospitalini, amevaa shati safi, akitegemea kusifiwa.

"Mimi namwinua, nyinyi mnamshusha," Kidevu alimwambia. "Ukikaa huko chini ataendelea kuangalia chini. Unampenda mwenzako au unamharibia?"

Randa hakuzoea kuambiwa kwamba ameharibu kazi. Usiku kucha, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa anaipiga hesabu, na asubuhi Mzee Inamisha alimkuta kando ya barabara pale pale, juu ya kiti kile kile kifupi, lakini chini ya kila mguu kumewekwa kibao chembamba kilichopigwa randa vizuri.

"Leo uso uko juu kidogo," Randa alisema. "Ukiuona bila kuyapandisha mabega, nitaongeza kingine. Usipouona, shauri yako, sisalimiwi na mtu anayenitazama tumbo."

Tangu hapo ikawa ndiyo dawa. Kila asubuhi Mzee Inamisha alikuja, akasimika fimbo, akavuta kidevu ndani, akaupandia uso wa rafiki yake kuanzia chini: vifungo vya shati, shingo, ndevu, mdomo, pua. Akifika machoni, ndipo salamu inapotoka. Alipozoea, Randa aliongeza kibao. Kuna asubuhi Mzee Inamisha alilalamika kwamba mtu huyu ameruka viwili kwa mpigo, na Randa akamwuliza nani kamfundisha tabia hiyo kama si yeye mwenyewe kwenye drafti. Kibandani kiti cha wateja kilikuwa kimepanda, wateja wafupi wakawa wananing'iniza miguu, na kinyozi aliacha kuwanusa. Hatua zilirefuka. Viatu vikapunguza kuburuta. Muuza magodoro alipomwona anakuja alikuwa bado anauvuta mkokoteni pembeni, lakini sasa Mzee Inamisha alikuwa anamwona akiuvuta, na kumtania kwa jina.

Na watu aliwaona. Si wote, si kila mara. Warefu waliendelea kuwa ndevu tu. Lakini alimpata msichana wa mabuti siku moja, akiwa na viatu vyake mwenyewe, akamsubiri asalimie kwanza, na msichana akamwamkia kwa adabu zote huku anajing'ata midomo asicheke.

Kisha vibao vikafika mahali vikagoma. Randa aliongeza kimoja, na Mzee Inamisha hakufika machoni. Alijaribu siku hiyo, alijaribu wiki nzima, akiishia kwenye pua, mabega yakipanda. Kidevu alimpima ukutani kama ilivyokuwa desturi, akamgusa mifupa ya shingo mmoja mmoja kwa kidole gumba, akamwambia kweli.

"Tumechukua iliyokuwa yetu, mzee. Hii iliyobaki ni ya mifupa. Endelea na mazoezi, usije ukarudi chini. Juu zaidi hatutakwenda."

Aliitikia vizuri, akamshukuru, akamtania kuhusu chumba cha kupangisha. Lakini njiani alikuwa mnyonge. Alikuwa ameshaanza kuota, bila kumwambia mtu, kwamba siku moja Randa atarudi juu kwenye benchi lake refu na yeye atapita na kumsalimia huko huko juu, kama watu wazima wawili. Sasa mwenzake atakaa kwenye kile kigoda mpaka lini? Madawati yatatengenezwa saa ngapi? Mtu hawezi kuishi kando ya barabara kwa ajili ya shingo ya mtu.

Alimwambia Randa hivyo hivyo. "Basi, fundi. Rudi kwenye kazi yako. Mimi nikipita nitaita, wewe utaitika. Inatosha."

Randa alikiondoa chini ya kila mguu kile kibao cha mwisho kilichowashinda, akakaa, akamwambia atazame. Mzee Inamisha alivuta kidevu, akapanda, akayakuta macho. "Usitikisike," Randa alisema. Akachomoa penseli sikioni, akanyoosha mkono pembeni, akachora mstari kwenye nguzo ya baraza, usawa wa macho yake mwenyewe. Akainuka. Akavipigilia misumari vile vibao kwenye miguu ya kiti, visitoke tena. Kisha akapanda barazani, akalipindua benchi lake la kazi, lile la miguu mirefu, akashuka nalo mpaka chini kwenye udongo, akapima kutoka kwenye ule mstari wa nguzo na kuweka alama kwenye kila mguu.

"Unafanya nini?" Mzee Inamisha aliuliza, ingawa alikuwa anaona.

"Lilikuwa juu mno tangu mwanzo."

"Fundi, ukiinamia benchi fupi utakuja kuwa kama mimi."

"Nitafanya kazi nimekaa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Kidevu ndani." Akaweka msumeno kwenye alama ya kwanza. "Sogea, vumbi la mbao litakuingia machoni."

Mzee Inamisha hakusogea. Alisimika fimbo yake pale, akavuta kidevu, akawa anamtazama rafiki yake usoni mpaka mguu wa nne ulipokatika.